Gari la Polisi Si Teksi

Ukiuliza mtaani kwetu kwa nini shangazi yangu alinunua gari la polisi, utaambiwa ni kwa sababu lilikuwa bei rahisi. Uongo. Wengine watakwambia alirogwa, na wengine kwamba ana kichwa kigumu. Hilo la kichwa kigumu sikatai, ni mali ya ukoo, hata mimi nimerithi fungu langu. Lakini sababu haikuwa hiyo. Mimi nilikuwapo tangu mnadani mpaka mwisho, tena usukani niliushika mimi, kwa hiyo nitaeleza mwenyewe, na asiyetaka kusikia atie pamba masikioni.

Shangazi ni dobi. Mtaa unamwita Mama Pasi, ingawa hakujaaliwa mtoto. Hilo jina la mama amepewa na kazi. Anafulia nyumbani kwa Bibi, mama yake mzazi, kwenye ua wa nyuma, penye karo tatu za saruji na kamba zilizofungwa kutoka ukuta hadi ukuta mpaka ukitaka kuvuka lazima uiname. Ana pasi mbili za umeme, na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme unajiamulia mambo yake. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Napiga pasi, nakunja, na kwa kuwa zamani nilipata leseni nikaendesha basi la shule, kazi ya kupeleka nguo kwa wateja ikaniangukia mimi.

Kuna jambo moja la kazi yake ambalo lazima ulijue. Chochote anachokikuta mfukoni mwa nguo, iwe noti, kifungo, tiketi ya basi, au kikaratasi chenye namba ya simu ambayo mkeo hatakiwi kuijua, anakifunga kwenye kitambaa cheupe na kukishikiza kwa pini kwenye kola ya vazi kilikotoka. Hakisomi, hakihesabu, hasemi neno. Siri ya nguo aijuaye dobi. Kuna ndoa mtaani kwetu zimesimama mpaka leo kwa sababu ya ukimya wa shangazi yangu, na moja imevunjika kwa sababu mume alisahau kuitoa ile pini kabla mke hajapokea shati.

Sasa sikia maajabu. Mwanamke huyo huyo, wateja wakimletea nguo, walikuwa wanakung'uta mifuko mbele yake. Kwa madobi wengine watu hukung'uta mifuko nyumbani kwao na mambo yanaishia hapo. Kwa Shangazi walikuwa wanaubeba mzigo mpaka mezani, wanageuza mfuko mmoja baada ya mwingine, tena taratibu, huku wakimtazama usoni. Naye anasimama hapo na tabasamu la biashara mpaka wamalize. Mimi nilikuwa nachemka. Yeye alikuwa ananiambia, "Piga pasi, mwanangu. Nguo za watu zinangoja."

Yote hayo yalianzia kwenye gesti iliyo mwisho wa mtaa wetu. Zamani Shangazi alikuwa anafua mashuka ya pale. Siku moja mgeni akadai mkufu wake wa dhahabu umepotea chumbani, na mwenye gesti, mama mmoja ambaye wafanyakazi wake wanamwita Madamu na mimi namwita ninavyojua mwenyewe, hakutafuta wala hakuuliza. Akasema ni dobi. Akapiga simu.

Lilikuja gari la doria ambalo mtaa mzima ulikuwa unalijua kwa namba yake iliyoandikwa mlangoni, Kumi na Tisa. Ilikuwa Jumamosi mchana, saa ile ambayo wanawake wote wako bombani na ndoo zao. Mimi nilikuwa mtoto, nimejitwika ya kwangu. Nikaona Shangazi anatolewa mlango wa mbele, mikono bado ina povu. Sajenti mmoja mwenye tumbo akamkandamiza kichwa, akamwingiza kiti cha nyuma, nyuma ya ule wavu wa chuma, mlango ukabamizwa. Hakuna aliyesema kitu pale bombani. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa na hakuna aliyefunga. Gari likaondoka polepole, kama wanavyofanya wakitaka watu waone. Bibi alikuwa amesimama dirishani. Lilipopinda kona tu, akalifunga dirisha.

Mkufu ulikuwa ndani ya kiatu cha mgeni mwenyewe. Alikuwa ameuficha humo ili usiibwe, akasahau, akaenda nao kwao, na siku alipovaa kile kiatu ndipo akapiga simu kusema samahani. Samahani yake aliipata Madamu, si Shangazi. Kituoni wakamfungulia tu, wakamwambia mama nenda, mambo yamekwisha. Shangazi hakuondoka. Alisimama mbele ya meza ya yule sajenti akamwambia, "Mlinichukua kwa gari mbele ya watu. Nirudisheni kwa gari mbele ya watu."

Sajenti alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, gari la polisi si teksi."

Basi akarudi kwa miguu. Alikuwa hajaoga, nguo ni zile zile, ndara moja imekatika, akaona afadhali apitie kichochoro cha nyuma kuliko kupita bombani katika hali ile. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Mtaa ulimwona akienda, haukumwona akirudi. Kesho yake wakamkuta anaanika nguo, wakanong'ona kwamba ametoa kitu kidogo akaachiwa. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Sijui nani aliitunga methali ile, lakini ningemjua ningemfulia nguo zake kwa maji ya moto.

Hayo ya mtaa Shangazi angeyabeba. Lililomkaa rohoni ni la Bibi. Siku ile alipoingia kwa mlango wa nyuma, Bibi alimchemshia maji ya kuoga, akampa chakula, akamtandikia. Hakumwuliza kitu. Hakumwuliza siku ile, wala kesho yake, wala miaka yote iliyofuata. Dirisha la mbele halikufunguliwa tena, na Bibi mwenyewe akaacha kutumia mlango wa mbele. Akienda popote alikuwa anapitia kichochoroni, na mkongojo wake, kama mtu anayedaiwa. Siku moja tukipiga pasi Shangazi aliniambia, bila kuinua macho, "Mama yangu hajawahi kuniuliza kama niliiba. Unajua maana yake? Anaogopa jibu." Nilitaka kumwambia siyo. Lakini sikuwa na ushahidi, maana Bibi akitaka kunyamaza hunyamaza kama maji mtungini.

Kazi ilipokua tukahitaji gari. Baba yangu akasikia kwamba polisi wanauza magari yao yaliyochoka, tukaenda mimi na Shangazi kwenye uwanja wao nyuma ya makao makuu. Magari yalikuwa yamepangwa juani, mengine majani yameota mpaka kwenye bampa. Kulikuwa na pikapu moja nzuri, dalali anaipigapiga boneti kwa mapenzi, na mimi nilishaanza kujiona ndani yake nimepachika kiwiko dirishani. Shangazi akaipita. Akaenda moja kwa moja mpaka mstari wa mwisho, akasimama.

Stika walikuwa wamezibandua, king'ora wamekiondoa na tundu lake la paani wameliziba kwa mpira. Lakini jua lilikuwa limekwisha kuifubaza rangi yote ya lile gari isipokuwa pale zilipokuwa stika, kwa hiyo maneno yalibaki pale pale, yamekolea zaidi kuliko mwanzo. POLISI, ubavuni. Na mlangoni, 19. Shangazi alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa. Akashika ule wavu wa chuma unaotenga mbele na nyuma. Kulikuwa na waya mmoja umepinda, na kidole chake kikaingia pale kama ufunguo. "Niliukunja mimi," akasema.

Nilimsihi. Injini ilipowashwa ilikohoa moshi mweusi, gia ya pili ilikuwa inaingia kwa hiari yake. Dalali mwenyewe, na dalali akisema kweli ujue mambo ni mabaya, alimwambia mama hili tunaliuza kama chuma. Mpinzani wetu alikuwa mmoja, mnunuzi wa vyuma chakavu, akaongeza dau mara moja, Shangazi akamgeukia akamtazama, yule bwana akajifanya anapokea simu. Bei usiniulize. Aliyelipa hajalalamika.

Fundi wetu alilitengeneza injini, breki na gia, na kwa kweli baada ya hapo halijatusumbua. Alipofika kwenye milango ya nyuma akagoma kidogo. Milango hiyo haifunguki kwa ndani, ndivyo yanavyotengenezwa magari ya kubeba washukiwa, na vishikio vya kushushia vioo vimeng'olewa. Akasema atavirudisha, ni kazi ndogo. Shangazi akamwambia acha kama ilivyo. Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama juu.

Siku tuliyoliingiza mtaani, ndugu yangu, kama hukuwapo umekosa sinema. Vijana wanaocheza drafti kwenye kona walitimka wakaacha ubao na viatu, na mmoja aliruka ukuta akaangukia kwenye banda la bata. Jirani yetu, mama mmoja mpishi wa pombe isiyoruhusiwa, tunamwita Mama Pipa, aliona tu ile kumi na tisa ikikata kona, akalibinua pipa zima la mali iliyoiva kwenye mfereji. Mtaa mzima ukanuka kama harusi iliyoharibika. Kisha mimi nikashuka na kikapu cha mashuka kichwani, na Shangazi nyuma yangu na hanga za mashati.

Zikaanza kelele. Mama Pipa alitutukana kuanzia babu wa babu zetu, na sikumlaumu, pipa ni pipa. Wale vijana walirudi mmoja mmoja kutafuta viatu vyao. Jioni ile ile mwenyekiti wa mtaa akaja na baba yangu, wakakaa uani kati ya mashuka, wakamweleza Shangazi kwa heshima kwamba gari ni lake, hakuna anayekataa, lakini alipake rangi. Watu wanashtuka. Wateja watakimbia. Tena kwa mtu mwenye historia kama yake, mwenyekiti akasema, akaishia hapo.

"Malizia," Shangazi akamwambia.

Hakumalizia. Baba akadakia kwamba gharama ya rangi ataibeba yeye, ili mradi dada yake asiendelee kujiaibisha. Yaliyopita si ndwele, akasema.

"Si ndwele kwa ambaye hakuumwa, kaka," Shangazi akasema. "Na mimi sijiaibishi. Niliaibishwa. Hayo ni mambo mawili. Maneno ya mlangoni sikuyaandika mimi, yameandikwa na jua. Nendeni mkalishtaki jua."

Wateja kweli walipungua. Mwalimu wa shule akahamishia mashati yake kwingine, familia ya mwenye duka la dawa nayo ikahama. Mimi nilianza kuogopa. Shangazi aliendelea kufua, na kila nguo iliyokuja, vya mfukoni vilirudi na pini kwenye kola.

Nilidhani gari ni la kuukomoa mtaa tu. Nilikuwa sijaelewa bado. Miguu ya Bibi ilikuwa inavimba, kila mwezi anakwenda kliniki, na tulikuwa tunamkodia gari linalomngoja kule kichochoroni. Siku ya kliniki ilipokaribia Shangazi akanituma. Yeye mwenyewe hakwenda, ingawa vyumba vyao vimepakana. Akaniambia mwambie Bibi yako gari la kumpeleka lipo, apitie mlango wa mbele.

Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. "Mwambie shangazi yako," akasema, "mimi sipandi gari lililomchukua mwanangu likaacha kumrudisha."

Nikaenda nikamfikishia neno kwa neno, nikitegemea vita. Shangazi alikuwa ameshika pasi juu ya shati jeupe la mtu. Akasimama nayo hapo hapo, hakuisogeza, mpaka nikanusa. Tangu nimjue sijawahi kumwona anaunguza nguo. Shati lile tulilinunulia mwenzake. Akaiweka pasi kando akasema, "Likaacha kumrudisha. Ndivyo alivyosema?"

Nikasema ndivyo.

"Basi Jumamosi ulioshe gari."

Jumamosi mchana alitoka chumbani amevaa gauni lake la bluu, ambalo kila pindo limepigwa pasi mpaka lingeweza kukata mkate. Nikamfungulia mlango wa mbele wa gari. Akaupita akaenda wa nyuma. Nikamwambia Shangazi, kaa mbele kama mtu. Akasema, "Nifungie." Nikamfungia, nikaingia, nikamtazama kwenye kioo cha ndani, ametulia nyuma ya wavu na pochi mapajani. Nikamwuliza tunakwenda wapi. "Kituoni," akasema. "Safari yangu ilikatikia kule."

Askari wa zamu pale getini aliliona gari, mkono ukapanda wenyewe kupiga saluti, ndipo akaniona mimi na kilemba changu. Akabaki na mkono hewani. Nikamwambia samahani afande, tumekuja kugeuza tu. Akachungulia nyuma akauliza yule mama kafanya nini. "Hajafanya kitu," nikasema. "Ndiyo maana namrudisha." Alitupisha, nafikiri kwa sababu hakujua kosa letu lingeitwaje. Nikageuza mbele ya ngazi za kituo, nje ya pale alipocheka yule sajenti, ambaye nasikia siku hizi amestaafu na tumbo lake.

Tukarudi kwa barabara kubwa. Shangazi akaniambia nisizidi mwendo wa mtu anayetembea. Tulipoingia mtaani, bombani kulikuwa kumejaa, na kwa mara ya pili katika maisha yangu nikaona ndoo inafurika hakuna anayefunga maji. Walimwona. Yuko nyuma ya wavu, gari namba kumi na tisa, kama siku ile, ila safari hii uso wa gari umeelekea nyumbani. Nikasimama mbele ya mlango wa Bibi, nikazima injini, nikashuka nimfungulie.

Akatikisa kichwa. Nikasogeza sikio kwenye kioo. "Kaa mbali na mlango," akasema. "Aliyeniona nikitoka ndiye atakayenifungulia."

Kulikuwa na jua la kupasua mawe. Vioo vya nyuma havishuki, mlango haufunguki kwa ndani, na mwanamke mtu mzima amejifungia humo kwa hiari yake. Watu wakaanza kusogea. Nikaona jasho linamtoka Shangazi kwenye paji, likashuka mpaka kwenye ile kola ya bluu. Mtu akasema, kachanganyikiwa. Nikamwambia huyo mtu jambo ambalo siwezi kulirudia hapa. Baba yangu akaja mbio, akashika kishikio cha mlango. Shangazi akamtazama kwa ndani, na baba akakiachia kama kimemchoma. Mimi niliogopa, nasema kweli. Niliogopa atazimia humo ndani, na niliogopa zaidi kwamba Bibi hatatoka, kwa sababu asipotoka basi ndio jibu limepatikana mbele ya mtaa mzima.

Halafu tukasikia komeo. La mlango wa mbele. Lilikuwa limeshika kutu, likawa linagoma, linasukumwa, linagoma tena. Hakuna aliyethubutu kwenda kusaidia. Mlango ukafunguka, na Bibi akatoka na mkongojo wake kwenye baraza ambapo watoto wengi wa pale hawakuwahi kumwona amesimama. Akashuka ngazi moja moja. Akafika kwenye gari, akamkabidhi Mama Pipa mkongojo bila kumtazama, akashika kishikio kwa mikono miwili, akavuta.

Joto lilitoka kama umefungua tanuri. Shangazi hakushuka.

"Mama," akasema, "sikuiba."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Hata wewe hukuniuliza. Miaka yote hii hukuniuliza."

"Anayeulizwa ni anayeshukiwa," akasema. "Mimi niliyekuzaa nikuulize wewe? Ningekuuliza ningekuwa nimekuwa kama hawa."

Shangazi akajibu. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Na dirisha? Si ulilifunga."

"Nililifunga nisiwaone wao." Akaelekeza kidevu nyuma yake, kwa watu wa bombani, hakugeuka. "Walisimama pale na ndoo zao, hakuna hata mmoja aliyesema mwacheni. Nikasema sitawatazama, wala sitapita mbele yao, mpaka waje waniombe radhi. Nikangoja. Nilidhani na wewe unangoja."

Shangazi akalia. Alilia kwa kelele, mbele ya watu, na gauni lake la bluu, na hakujificha uso. Mimi nililia pia na sioni haya. Miaka yote ile watu wawili wanakula sahani moja, kila mmoja amenuna kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyesema. Nilitaka kuwachapa wote wawili. Mama Pipa naye alikuwa anafuta macho kwa kanga huku ameukumbatia mkongojo.

Baba akasema haya sasa yamekwisha, dada shuka tuingie ndani. Shangazi akatoa mguu mmoja nje.

"Sogea," Bibi akamwambia.

Hatukuelewa. Bibi akainamisha kichwa, akaingia mwenyewe, hakuna aliyemkandamiza, akakaa kando ya binti yake na kutandaza kitenge chake. "Si mmesema gari lipo? Limemrudisha mwanangu, sasa nalipanda. Wewe mtoto, funga mlango." Nikafunga. Akagonga ule wavu wa chuma kwa pete yake. "Pitia gesti. Polepole. Na hiyo honi kama inafanya kazi, ipige."

Inafanya kazi. Nilipinda mwisho wa mtaa nikiipiga, na sikukusudia yaliyotokea, Mungu ni shahidi. Wageni wa mchana waliona gari la polisi limesimama mlangoni, wakamwagika kwa mlango wa uani, viatu mkononi, bwana mmoja amevaa shati ndani nje. Nilimtambua, ni shati tunalolifua sisi. Madamu akatoka barazani kuuliza kuna nini. Akaliona gari, akaiona namba, akamwona Shangazi kule nyuma na Bibi ubavuni mwake wameshikana mikono. Bibi akamtazama kupitia kioo. Hakufumba jicho. Nikasubiri mpaka Madamu aliporudi ndani, ndipo nikatia gia.

Gari hatujalipaka rangi. Milango ya nyuma bado haifunguki kwa ndani, na Bibi anapenda hivyo, anasema ndiyo njia pekee ya kupata mtu wa kumfungulia mlango. Watu wamekuwa wakija, mmoja mmoja, na fungu la nguo kwapani, wanajifanya wameleta kufuliwa. Mama Pipa alikuwa wa kwanza, mwenyekiti akafuata, akalimalizia lile neno lake, safari hii kama linavyotakiwa. Bibi anawapokea kwa mlango wa mbele, anawasikiliza, anasema asante. Mifuko hawaikung'uti tena mezani, wanaacha mzigo na kwenda.

Dirisha bado limefungwa. Bibi anasema atalifungua watakapokuwa wamefika wote, na mwenye gesti hajafika. Kwa hiyo kila tunapompeleka kliniki tunapitia kwa mwenye gesti kwanza, ingawa si njia.